Mwili watii, moyo wataka kitu chengine: huanzwa wapi?

Mwana Langoni:

Assalaamu alaykum, maalim zetu na ndugu wa Amu na mwambao mzima.

Kuna jambo ambalo darsani hupitiwa mbio, nami naomba lifunguliwe hapa taratibu. Mtu anaswali swala tano kwa wakati, Ramadhani anafunga, makubwa yaliyoharamishwa anayaepuka. Lakini ndani mvutano haujaisha. Swala huiona ndefu mpaka atoe salamu. Pesa ya njia ya mkato ikipita mbele yake, mkono hauigusi ila roho huifuata mpaka ipotee kichochoroni. Baraza ikiwa imenoga, adhana ya Isha humkatiza utamu. Anatii, lakini anatii huku akitaka kitu chengine.

Kwanza, je, huu ni unafiki? Pili, matakwa yenyewe yaweza kugeuzwa, mtu akafika kupenda anachokipenda Mola wake, au mwanadamu ni wa kujizuia tu mpaka afe? Na kama yageuzwa, hufanywa nini hasa: saa ngapi, mara ngapi, kiasi gani? Mchukulieni mtu wa kazi ya jua gatini, si mtu wa kukaa itikafu mwaka mzima. Nasaha ya "mche Mungu" twaijua. Twataka ya kushika mkononi.

Maalim wa Mkomani:

Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Nianze na hilo la unafiki, maana shaka hiyo ikikaa moyoni humvunja mtu kabla hajapiga hatua.

Wanazuoni wetu wa Kishafii wamezipanga daraja za kusudio kuwa 5. Kuna hajisi, wazo lililopita kama kivuli. Kuna khatiri, wazo lililosimama kidogo. Kuna hadithi nafsi, pale mtu anapoanza kujadiliana nalo, nifanye au nisifanye. Kuna hammi, ameelemea upande wa kufanya. Na kuna azima, ameshakata shauri. Nne za mwanzo zimesamehewa, ya tano ndiyo yenye kuhesabiwa. Msingi wake ni hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zawanong'oneza, maadamu hawajayasema wala kuyatenda. Na aliyelielekea ovu akaliacha kwa ajili ya Mungu huandikiwa jema kamili. Basi huyo ambaye pesa ilipita mbele yake, roho ikaitamani, na mkono akauzuia kwa kumcha Mola, siku ile ana jema kwenye daftari lake. Si mnafiki. Nafsi yake ni lawwama, nafsi inayojilaumu, na hiyo Mwenyezi Mungu ameiapia katika Suratul Qiyama, aya ya 2.

Sasa kugeuka kwa matakwa. Soma Suratul Hujurat aya ya 7: Mwenyezi Mungu amewapendezesha imani na akaipamba nyoyoni mwenu, na akawachukizisha ukafiri, ufasiki na uasi. Tazama mtendaji ni nani. Kupenda na kuchukia hutiwa moyoni. Mtu hajitilii mwenyewe. Kazi ya mja ni kukaa pale ambapo hutiwa. Na mahali hapo pametajwa katika hadithi Qudsi (maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume) aliyoipokea Bukhari: mja hajikurubishi kwa kitu apendacho Mungu kuliko yale aliyomfaradhishia, kisha haachi kujikurubisha kwa sunna mpaka Mungu ampende, akishampenda, huwa ndiye sikio lake la kusikilia na jicho lake la kuonea na mkono wake wa kushikia na mguu wake wa kuendea. Mpangilio ni huo: faradhi, kisha sunna kwa kudumu, kisha mapenzi yashuke kutoka kwake. Wengi huugeuza. Wangoja wapende kwanza ndipo waswali vizuri, na hawapendi, basi miaka yapita. Au mtu aanza na tahajudi, swala ya usiku wa manane, ya rakaa 8 ilhali Alfajiri yampita kitandani.

Kwa hivyo mwezi wa kwanza, kutoka mwandamo hadi mwandamo, usiongeze hata rakaa moja. Zikaze zilizopo. Fika msikitini dakika 10 kabla ya iqama, ule mwito wa kusimama kuswali, ukae kimya, kwa sababu mwili hufika mbele na roho huja nyuma. Anayeingia mbio akaunga rakaa ya kwanza hupata akili yake rakaa ya tatu. Kisha Fatiha isimame kila aya. Katika hadithi Qudsi ya Muslim, swala imegawanywa baina ya Mola na mja nusu kwa nusu. Mja akisema alhamdulillahi rabbil aalamin, Mola asema, "Mja wangu amenihimidi." Akisema arrahmani rrahim, "Mja wangu amenisifu." Akifika iyyaka na'budu wa iyyaka nasta'in, "Hili ni baina yangu na mja wangu, na mja wangu atapata alichoomba." Sasa anayeivuta Fatiha kwa pumzi moja, hilo jibu ampa nafasi gani? Simama pumzi moja baada ya kila aya, wala hutaongeza hata dakika 2 katika rakaa 4. Halafu rukuu, itidali (kusimama baada ya rukuu) na sijida: tumaanina, yaani utulivu, kwetu ni nguzo, viungo vitulie angalau kadiri ya kusema subhanallah. Swala ya kudonoa haina ladha, na isiyo na ladha moyo hautaitamani. Hapo ndipo palipo kiini cha lile lalamiko la swala kuonekana ndefu.

Mwezi huo huo anza hesabu ya nafsi. Wazee wa elimu hii wameipa hatua zake. Asubuhi baada ya Alfajiri ni musharata: waiwekea nafsi sharti moja la siku hiyo, moja tu, kwa mfano leo ulimi haumtaji mtu asiyekuwepo. Mchana ni muraqaba: kila unapotaka kusema au kutenda wajiuliza, hili ni la nani? Usiku ni muhasaba, dakika 5, na daftari. Andika sharti limesimama au limevunjika, limevunjikia wapi, na nani alikuwepo. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa. Baada ya wiki 2 utaona uvunjaji haukutawanyika. Una saa yake na mahali pake. Mara nyingi ni barazani, kati ya saa 3 na saa 5 usiku, kahawa imeshazunguka mara ya pili, habari za mji zimekwisha na zimeanza habari za watu. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, hadithi iko katika Bukhari. Dawa basi si kukesha ukipigana na ulimi, ni kuondoka barazani kikombe cha kwanza. Tamaa haifi kwa kukemewa. Hufa njaa.

Palipovunjika huja muaqaba, adhabu ndogo. Weka kopo, kila ukisengenya tia shilingi 50 au 100, kiasi cha kuuma bila kuumiza nyumba, na Ijumaa itolewe sadaka. Hapa pana kosa la kuangaliwa: kuna anayeanza kuiona hiyo kuwa ushuru, akilipa yuko huru. Ukijiona hivyo, liondoe kopo, badala yake mtaje yule uliyemsema kwa jema pale pale ulipomsema kwa baya. Hiyo nafsi haiwezi kuinunua.

Mwezi wa pili ndio wa sunna: rakaa 10 zilizosisitizwa, yaani 2 kabla ya Alfajiri, 2 kabla ya Adhuhuri na 2 baada yake, 2 baada ya Magharibi, 2 baada ya Isha, na juu yake witri, swala ya rakaa zisizogawanyika kwa mbili ya kufungia usiku, chini kabisa 1, ukamilifu wa chini 3. Zikishika, ndipo usiku. Theluthi ya mwisho haikisiwi, huhesabiwa. Chukua Magharibi saa 12:20 na Alfajiri saa 11:00: usiku ni saa 10 na dakika 40, theluthi yake ni saa 3 na dakika 33, basi theluthi ya mwisho yaanza saa 7:27. Mtu wa gatini asiamke saa 7:27. Aamke saa 10:30, nusu saa kabla ya adhana, aswali rakaa 2 na witri, ajilaze kidogo akipenda. Simu ya kumwamsha ilale nje ya chandarua, mbali na mkono, na isiwe ndiyo ya mwisho kutazamwa. Alichotazama mtu akisinzia ndicho huamka nacho moyoni.

Na katika sijida ya usiku aombe hili hasa, maana matakwa hayageuki bila kuombwa yageuzwe. Muslim amepokea dua ya Mtume: Allahumma aati nafsi taqwaaha, wa zakkihaa anta khayru man zakkaaha, anta waliyyuhaa wa mawlaaha. Ewe Mola, ipe nafsi yangu uchamungu wake na uitakase, wewe ndiye mbora wa kuitakasa, wewe ndiye mwenyewe na bwana wake.

Fundi wa Matondoni:

Shukran, Maalim. Kwa upande wa funga nizidishe kidogo kwa watu wa kazi nzito.

Jumatatu na Alhamisi kila wiki kwa hamali au fundi wa jua ni nyingi kuanzia. Aanze na siku 3 za mwezi, tarehe 13, 14 na 15 za Kiislamu, na zikiangukia siku ya kupakua saruji achague 3 nyengine zozote za mwezi. Katika madhehebu yetu nia ya funga ya sunna yafaa mchana pia, kabla ya zawali, yaani jua kupinduka,, maadamu tangu Alfajiri hajala wala kunywa. Yaani mtu aweza kuangalia kwanza siku imekaaje. Na akizidiwa akifungua hana dhambi. Hii si faradhi.

Funga huvunja matamanio, ndiyo maana Mtume alimwelekeza kijana asiyeweza kuoa afunge. Lakini huharibikia Magharibi. Mtu ashinda na njaa saa 13 kisha futari ina viazi vya rojo, katlesi, bajia, pweza, mikate ya maji, na wali juu yake saa 2 usiku. Nafsi haikunyimwa kitu hapo, imecheleweshewa tu, na imefunzwa kungoja karamu. Tende 3 na maji, swali, kisha sahani moja isiyorudiwa. Hadithi ya Tirmidhi yasema theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi.

Na tusisahau hadithi ya Mtume: "Haamini mmoja wenu mpaka matamanio yake yafuate nililokuja nalo." Mada yote ni hiyo.

Maalim wa Mkomani:

Fundi, la funga umelieleza vyema. Kuhusu hadithi uliyomalizia, tuwe waangalifu. Ni ya 41 katika Arubaini ya Imam Nawawi, naye aliihesabu kuwa sahihi, lakini Ibn Rajab aliyeishereheshea aliichambua sanadi yake (mlolongo wa wapokezi) akaiona ina udhaifu. Maana yake ni ya kweli, na ukitaka hoja isiyo na mgogoro nenda Suratun Naziat aya ya 40 na 41: aliyeogopa kusimama mbele ya Mola wake na akaikataza nafsi matamanio, basi Pepo ndiyo makazi yake. Usimpe anayeanza hadithi hiyo peke yake. Atasoma "haamini" na kurudi kwenye ile shaka ya unafiki tuliyoitoa juu.

Binti Shela:

Assalaamu alaykum nyote. Ratiba ya Maalim ni ya mwanamume wa kwenda msikitini. Nusu ya wenye swali hili ni wanawake na hawana dakika 10 za kukaa kimya kabla ya iqama, kwa hivyo naongeza ya nyumbani.

Bibi Fatima alikwenda kwa baba yake kutaka mtumishi, mikono imemuuma kwa kusaga. Hakupewa mtumishi. Alipewa, kabla ya kulala, subhanallah 33, alhamdulillah 33, Allahu akbar 34, akaambiwa hiyo ni bora kwao kuliko mtumishi. Angalieni kilichofanyika hapo: alikuja na takwa moja, akarudi na jengine lililo juu ya lile. Hizo 100 hazifiki dakika 6 zikisemwa bila kukimbizwa. Kosa la kawaida ni kuzisema mpaka usingizi ukate katikati. Zisemwe mtu ameketi kitandani, kisha alale.

La pili ni nia, ambayo haitaki muda bali yataka kukumbukwa. Kazi ya mkono yenye kurudiarudia ndiyo mahali pazuri pa kuitilia. Ukikanda unga wa mahamri, tui la nazi laingia kidogo kidogo na iliki yanukia, mikono iko kazini robo saa na akili haina kazi. Hapo akili huenda kwa jirani na pazia lake jipya. Funga nia kabla ya kutia mkono kwenye unga: nawalisha hawa kwa kuwa wewe umeniamrisha kuwatunza. Kisha robo saa ile ni ya kumswalia Mtume. Chakula ni kile kile. Kazi imebadilika.

La tatu, siku za hedhi. Hapo ndipo wanawake wengi hupoteza yote waliyojenga. Swala haipo, funga haipo, basi yaachwa na dhikiri na dua na daftari, siku ya 8 waanza upya kama wageni. Dua haikuzuiwa, dhikiri haikuzuiwa, muhasaba haikuzuiwa. Adhana ikilia kaa mahali pako pa swala dakika 10 na tasbihi. Saa ile ya kuzoea isivunjike.

Na anayenyonyesha asijipangie usiku. Mtoto ameshampangia. Akiamka kumnyonyesha saa 9, dua ile ya nafsi aiseme hapo hapo alipo. Katika sahihi mbili, Bukhari na Muslim, amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa hata ikiwa chache.

Mwana Langoni:

Mwenyezi Mungu awalipe. Bi Shela, hilo la unga nimelichukua.

Limebaki moja. Mtu akishaambiwa alinganishe matakwa yake na ya Mola, je, aache kutaka ya dunia? Mvuvi ataka mashine ya mashua, mwengine ataka mtoto. Wapo wasemao kuomba kwenyewe ni kukosa ridhaa, na mwenye kuridhika hanyoshi mikono. Na yule aliyeomba akanyimwa, akalia, ridhaa yake imeondoka?

Mkaazi wa Malindi:

Wa alaykumu ssalaam kwa wote. Ndugu Mwana Langoni, wasemao hivyo wameizidisha ridhaa kuliko Mitume. Nabii Zakaria alitaka mtoto, mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi, akaomba kwa sauti ya chini, akapewa Yahya. Nabii Musa, baada ya kuwanyweshea wanyama wale mabinti wawili Madyan, alirudi kivulini akasema, "Mola wangu, mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia." Hakutaja chakula wala nyumba wala mke, na vyote vilifuata. Kuna adabu kubwa hapo: ataja haja, amwachia Mola aina yake.

Na Mtume wetu (s.a.w.) alitaka kibla. Waislamu Madina walielekea Baytul Maqdis miezi 16 au 17, kama ilivyo katika Bukhari, naye akitamani Al-Kaaba. Hakugeuka hata swala moja kabla ya kuamrishwa. Alikuwa akiinua uso mbinguni tu, mpaka ikashuka aya ya 144 ya Suratul Baqara, tumeona ukigeuzageuza uso wako mbinguni, basi tutakuelekeza kwenye kibla utakachokiridhia. Mimi naiona ndiyo aya ya mada yenu hii. Takwa lilikuwepo, na mwili ulibaki katika amri mpaka amri ilipokuja na takwa lile. Mwenye kutaka mashine ya mashua na afanye vivyo: atake, aombe, na wakati anangoja asiifuate kwa mkopo wa riba.

Kuhusu machozi: mwanawe Mtume, Ibrahim, alipokuwa akikata roho, macho ya Mtume yalitoka machozi, akasema jicho hulia na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Maumivu hayavunji ridhaa. Kinachoivunja ni ulimi kumshitaki Mola, na moyo kusema amenidhulumu. Anayejilazimisha asilie akidhani ndiyo ridhaa huishia kuganda, na moyo ulioganda hauombi.

Kama kuna tendo moja ambalo ndani yake kutaka na kusalimu amri hukutana, ni istikhara, swala ya kumwomba Mola akuchagulie lenye kheri. Mtume akiwafundisha masahaba kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani, asimulia Jabir katika Bukhari. Rakaa 2 zisizo za faradhi, kisha dua yenyewe, na jambo litajwe kwa jina lake.

Mwana Langoni:

Ahsante sana. Na baada ya istikhara hungojwa ndoto? Huku kwetu wengi hulala wakingoja rangi, nyeupe au nyeusi.

Mkaazi wa Malindi:

Ndoto haimo katika hadithi, wala rangi. Ukishaomba, shika jambo kwa njia zake za kawaida: uliza wenye kulijua, tazama mfuko, nenda mbele. Likifunguka ni jawabu, likizibika ni jawabu. Moyo ukibaki na mashaka, rudia.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuiswali istikhara hali umeshakata shauri, ukitaka muhuri tu; ile azima aliyoitaja Maalim iwe bado haijafungwa. La pili ni kuikimbiza dua mwishoni. Mwanzo watu huusoma vizuri, kwa ujuzi wako, kwa uwezo wako, kisha wakifika kwenye jambo lao wameshainua mikono usoni. Baada ya kuomba lile la kheri likadiriwe popote lilipo, kuna maneno matatu ya mwisho: thumma ardhini bihi. Kisha niridhishe kwalo. Hapo huombi tena jambo, wauombea moyo wako mwenyewe ulikubali. Yaseme polepole, na ukiweza yaseme ukiwa bado hujajua utapewa lipi.

Binti Shela:

Na asiyeihifadhi kwa Kiarabu aisome kwenye karatasi baada ya kutoa salamu, karatasi imewekwa mbele ya mswala tangu kabla ya kuanza. Asiache kuiswali kwa kuwa hajaihifadhi.